Waini ya Mama na Ulimi wa Mdogo Wangu

Mama alituachia chupa ishirini na nne za waini ya plamu. Idadi naijua kwa sababu chupa zenyewe, zikiwa tupu, nilizipeleka mimi, kutoka soko la Mwanjelwa mpaka nyumbani nje kidogo ya Mafinga, kwenye magunia mawili, kumi na mbili kila gunia, na majani makavu ya migomba katikati. Haikupasuka hata moja. Hilo halikuwahi kusifiwa na mtu yeyote, kwa hiyo nalisema hapa mwenyewe.

Biashara yangu ni chupa tupu. Nazikusanya kwenye mabaa na nyumba za wageni za Mbeya, naziosha uani kwangu Ilomba, nawauzia watu wa asali na watu wa mafuta ya alizeti. Kazi hii imenifundisha kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza unahesabu chupa, mara ya pili unamhesabu aliyekuletea.

Baba alijifunza waini ujanani, alipokuwa mtunza bustani kwenye misheni moja upande wa Iringa. Hakufundishwa. Alichungulia, maana aliyekuwa akitengeneza divai ya misa hakupenda maswali. Aliporudi nyumbani alipanda mizabibu, baridi yetu ikaiua. Akapanda miplamu, ikakubali. Chini ya stoo ya mbegu za viazi akachimba shimo la kimo cha mtu na nusu, akalijengea kwa matofali, akaliwekea ngazi na mlango wa mbao za paini. Tuliliita shimoni tu. "Nenda shimoni kalete." Kulikuwa na giza na baridi ya mwaka mzima, na chupa zimelala kwa ubavu kama watoto wa bweni kwenye kitanda kimoja.

Kutengeneza waini si kazi ngumu kuliko kutengeneza pombe nyingine yoyote. Kazi ni kujua imeiva lini. Majirani zetu wamezoea ulanzi, pombe ya mianzi, ambao asubuhi ni mtamu wa watoto na baada ya siku mbili tatu ni mkali wa kumlaza mtu mtaroni, kwa hiyo walidhani waini nayo ikizidi kukaa inazidi kuwa kali, basi. Baba aliwacheka. Waini changa, alisema, ina ukakasi kama ndizi mbichi, inakukamata ulimi na mashavu. Unaiacha. Mwaka unapita, ukakasi unalegea kidogo kidogo, na nyuma yake ladha inaanza kutoka, moja moja. Halafu inafika siku ukakasi umebaki kiasi cha kushikilia ladha zisimwagike. Hiyo ndiyo siku. Ukichelewa, ukakasi unakwisha, na ladha nazo zinaondoka, na rangi pembeni mwa glasi inageuka ya chai iliyolala.

Plamu za mwisho alizichuma mama mwenyewe, tayari akiwa mgonjwa, amekaa kwenye kigoda akimwelekeza mdogo wangu tawi gani aanze nalo. Julai iliyofuata tukamzika. Baba akasema mbele yetu sote wawili, maana watoto wake tupo wawili tu, kwamba ile waini haitauzwa wala kuguswaguswa. Kila Julai, baada ya misa ya kumbukumbu, itafunguliwa chupa moja ya kupima. Siku itakapokuwa imeiva, tutaita ndugu na majirani, tutainywa yote siku moja. "Nataka niinywe ikiwa pale pale mama yenu alipotaka ifike," alisema. Hakuna kitu kingine alichokisubiri duniani. Hata suti ya kuzikiwa alikuwa ameshainunua.

Julai mbili za kwanza alionja mwenyewe. Bado, bado. Mwaka wa tatu alipata mafua makali, wiki tatu kitandani, na mafua yalipoondoka yakaondoka na pua yake. Vitunguu havikunuka, uji wa ulezi na maji ya moto vikawa ndugu. Tulidhani itarudi. Haikurudi.

Kwa desturi ya kwetu, anayemimina kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni, waone hakuna sumu. Ndiye mwenye kinywaji. Julai hiyo ya tatu baba alimimina, akakinyanyua kikombe, akakishusha bila kunywa. Tulikuwa tumekaa kushoto na kulia kwake, mimi mkubwa upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Nikajiweka sawa. Nilikuwa nimevaa koti jipya.

Akageukia kushoto.

"Onja wewe, binti yangu. Wewe utakuwa mdomo wangu."

Mdogo wangu akaonja. Akafumba macho. Akaishikilia mdomoni muda ambao mtu angeweza kuosha chupa sita, nane ukijitahidi. Akasema, "Bado, baba. Bado inanishika huku nyuma." Baba akatikisa kichwa kana kwamba ameonja yeye.

Mimi nikapewa kikombe baadaye, pamoja na mjomba na mwalimu wa katekesi. Nikanywa. Ilikuwa ya baridi na nyekundu. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema, na hakuna aliyeniuliza.

Haikuwa shamba, wala nyumba. Angempa vyote hivyo ningesema sawa, yeye ndiye aliyebaki nyumbani, ana kitalu chake cha miche ya paini, ndiye anayemfulia baba. Lakini mdomo? Mimi ndiye mwenye mdomo katika ukoo huu. Muulize mtu yeyote Mwanjelwa. Nimeshamuuzia mtu chupa zisizo na vizibo akaondoka ananishukuru kwa kumpunguzia mzigo. Halafu baba yangu anatafuta mdomo, anaupita wa kwangu, anaenda kuchukua wa binti anayeongea maneno ishirini kwa siku, kumi akiwaambia kuku.

Nikajaribu kujifunza. Sikumwambia mtu. Mbeya nilikuwa naonja mabaki kwenye chupa za waini nilizonunua, natema, naandika kwenye daftari. Daftari lote limejaa maneno mawili: chachu na si chachu. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza ulevi wa mabaki. Nikafunga daftari.

Julai ya nne, bado. Ya tano, bado. Nilianza kumtazama mdogo wangu anapoonja, kama ninavyomtazama mtu anayesema hana chenji. Macho yamefumba, kidevu kimeinuka, baba ameinama kumwelekea. Neno moja, na mzee mzima anasubiri mwaka mwingine. Nikajiambia, huyu ameonja utamu, lakini si wa waini. Siku atakaposema "imeiva" kazi yake imekwisha, anarudi kuwa mtu wa miche. Nani angeharakisha?

Julai ya sita akasema bado. Safari hii mjomba alinung'unika. "Hii waini itatuzika sisi." Baba akamkata: "Mdomo umesema."

Asubuhi yake baba na mdogo wangu walikwenda kanisani. Nikabaki, nikasema tumbo linauma. Nikachukua tochi nikashuka shimoni. Ishirini na nne, toa sita, zinabaki kumi na nane. Nikahesabu. Kumi na saba. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, nikigusa kila chupa kwenye shingo. Kumi na saba.

Sitaficha, nilifurahi. Nilikaa kwenye ngazi nikafurahi mpaka nikasikia baridi makalioni. Ufunguo wa shimoni anautunza mdogo wangu peke yake; siku nyingine, kama hiyo, unaning'inia msumarini jikoni, lakini siku zote yeye ndiye anayejua uko wapi. Kumbe mdomo wa baba unakunywa pembeni! Nikachukua moja na mimi, ya ushahidi, nikaiviringisha kwenye sweta, nikapanda basi la mchana.

Mbeya nina mteja wangu, mpishi wa nyumba ya wageni, mtu wa Tanga aliyepika kwenye mahoteli ya pwani miaka mingi kabla ya kuletwa juu na mke Mnyakyusa. Watu wa waini alishawahudumia sana. Nikampelekea chupa jikoni kwake, nikamwambia namna tunavyoifungua Julai, inatoka shimoni moja kwa moja inaingia mdomoni. Akacheka.

"Julai? Mafinga? Kaka, mnaonja barafu."

"Kwani baridi ina nini?"

"Waini ikiwa ya baridi sana inakaza. Ukakasi unapanda juu, mengine yote yanajificha. Ni kama mtu amevaa koti. Utajuaje amekonda?"

Akamimina kwenye glasi ya chai, akaiweka kwenye kabati karibu na jiko, akaendelea kukata karoti. Mimi nikazihesabu karoti. Baada ya muda akaichukua, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni palikuwa na rangi ya chai. Hata mimi niliona. Akanusa, akanywa kidogo, akaiweka chini kwa heshima, kama mtu anayeweka kofia kwenye nyumba ya msiba.

"Hii ilikuwa nzuri," alisema.

"Ilikuwa?"

"Ilikuwa nzuri sana. Miaka miwili iliyopita, au mitatu. Sasa inarudi zake. Bado si siki, lakini njia ndiyo hiyo. Nani aliitengeneza?"

Nikasema mama yangu. Akasema pole. Kisha akaniuliza kama chupa yenyewe naiacha.

Unaweza kudhani nilihuzunika. Nilihuzunika baadaye, kwenye basi, baada ya Makambako. Kabla ya hapo, siku nane nzima, nilikuwa natembea Mwanjelwa kama mtu aliyeshinda kesi. Mdomo wa baba ulikosea! Julai nne amekuwa akionja koti. Nilipanga maneno yangu, nikayapanga tena kwa mpangilio mwingine, lipi litangulie, lipi liachwe lining'inie. Agosti katikati nikafunga biashara nikaenda.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye kitalu, anajaza udongo kwenye viriba vya miche. Hakusimama.

"Kamwene, kaka. Tumbo limepona?"

"Tumbo limepona. Nimekuja kwa habari ya chupa kumi na nane."

"Kumi na sita," alisema. "Moja uliondoka nayo wewe. Sweta lako lilikuwa linagonga ulipopita jikoni."

"Na nyingine?"

Akaendelea kujaza udongo. Viriba vitatu.

"Nyingine ni mimi. Disemba ya mwaka juzi."

"Ulikunywa na nani?"

"Na nani? Na kuku." Akafuta mikono kwenye khanga. "Nilikuwa natoa viazi juu, nikasahau chupa moja niliyoitoa ili nifagie. Ikakaa juani toka asubuhi. Nikasema hii imeshaharibika, hairudi chini, ngoja nionje. Nikaonja mchana, ina joto lake." Akavuta kiriba kingine. "Kaka, ilikuwa laini. Haikuwa na bado yoyote. Ilikuwa imeshafika na imeanza kuondoka."

"Na Julai iliyofuata ukasema bado."

"Julai ilikuwa inashika tena! Ilikuwa ya baridi, inashika, nikasema labda ile chupa ilikuwa mbovu peke yake. Nikajiambia hivyo. Mwaka huu nilijua, lakini nitasema nini? Baba, imepita, nilikuwa nimefumba macho?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Mpishi wa Tanga, rangi ya chai, koti. Yote alikuwa ameyamaliza yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, bila mpishi, kwa kukaa tu karibu na chupa iliyopata jua. Hata kosa lake aliligundua kabla yangu. Nisameheni, hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

"Nitamwambia," nilisema.

"Mwambie. Mimi nimejaribu mara mbili, midomo haifunguki. Wewe ndiye muongeaji."

Nikaenda kwa baba. Alikuwa kwenye benchi ukutani, upande unaopata jua, kofia imeshuka mpaka nyusi. Nikamwamkia, nikakaa. Tukaongea bei ya mbao, mvua, magoti yake. Nilikuwa natafuta mlango. Akaufungua mwenyewe.

"Wewe mtu wa soko," alisema. "Watu hawakudanganyi kirahisi."

"Wanajaribu, baba."

"Mdogo wako anasema bado. Kila mwaka bado. Mimi sina pua, sina ulimi, nina masikio tu, na safari hii sauti yake sikuipenda. Wewe ulikunywa Julai. Wewe unaonaje?"

Julai nne nilikuwa nalisubiri swali hilo. Julai nne! Lilipokuja lilikuja kavu, bila wageni, kuku mmoja tu anapekua miguuni. Na jibu nilikuwa nalo, la kweli, lenye shahidi. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka, kama ya mtu anayepokea kitu. Nikaona, kama unavyoona nyufa kwenye chupa ukiishika kwenye mwanga, kwamba nikisema "imepita" sitamwondoa mdogo wangu kwenye kiti. Nitamwondolea baba siku yake. Angebaki na suti tu.

"Imeiva, baba," nilisema. "Imeiva sasa hivi. Ikizidi mwezi huu itaanza kushuka."

Akageuza kichwa taratibu. "Nani kakwambia?"

"Ulimi wangu."

"Wewe una ulimi wa kuuzia." Lakini alikuwa anacheka. "Haya. Jumapili. Waite watu."

Mdogo wangu nilipomwambia alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Wataonja, kaka. Mjomba ataonja. Mwalimu ataonja. Baba haonji, lakini anaona nyuso! Atawatazama usoni mmoja mmoja."

"Kwa hiyo wataonja koti," nilisema, nikaanza kumweleza ya yule mpishi na baridi.

Alinielewa kabla sijamaliza. Hilo nalo lilinikera.

Mpango ulikuwa hivi. Chupa zisipande mapema. Zikae shimoni mpaka watu wametoka misa ya kwanza, wakati umande bado mweupe kwenye nyasi. Vikombe ni vya bati, vilale nje Jumamosi kucha. Wageni wakae uani, upande wa kivuli, siyo jikoni kwenye moto. Yule mpishi alinifundisha namna baridi inavyoficha. Hakujua anamfundisha nani.

Jumapili nilipanda na kushuka ngazi mara nne, chupa nne nne. Zilikuwa za baridi mpaka vidole vinauma. Watu walikuwa kama thelathini, wamejikunyata kwenye makoti na mashuka. Baba alivaa suti. Ile. Akamimina kikombe cha kwanza, akakinyanyua, na safari hii akageukia kulia.

"Mkubwa amesema imeiva. Basi aonje yeye."

Sikuwa nimelipanga hilo. Nilikishika. Nikanywa mbele ya watu wote, na waini ikanikamata ulimi, ikakaza vizuri, imara, kama ya miaka mitatu. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Imefika!" Watu wakapiga makofi, vikombe vikazunguka. Nikawatazama nyuso. Mjomba alinywa, akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena. Mwalimu wa katekesi akasema hii ingefaa altareni. Mama mmoja jirani akakunja uso kidogo, ila huyo hata soda humkunja. Baba alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama alivyosema mdogo wangu, na kila uso ulipopita mabega yake yalishuka kidogo.

Kisha akanywa yeye. Taratibu, mpaka nusu. Hakusikia kitu, najua. Akashusha kikombe, akaweka mkono wake kwenye goti la mdogo wangu, upande wa kushoto.

"Umenisubirisha vizuri, binti yangu," alisema. "Wangekuwa wengine tungeinywa mbichi."

Wengine! Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha kwanza mkononi. Nilingoja. Akanigeukia na mimi.

"Na wewe, mwanangu, asante kwa chupa."

Mjomba akacheka. Nikacheka na mimi, nifanyeje.

"Sasa niambie," baba akamwambia mdogo wangu. "Ikoje?"

Mdogo wangu alinitazama mara moja tu. Akachukua kikombe chake, akanywa, akafumba macho kama kawaida yake. Nilijua anachokionja: bati, baridi, na huko nyuma kabisa kitu kinachoanza kuwa siki. Akasema, "Kwanza ni ganda la plamu, baba. Lile jeusi, la upande uliopigwa jua. Halafu moshi kidogo, kama wa kuni za mkuyati ulizokuwa unamkatia mama. Halafu asali, siyo ya dukani, ile ya mzingani yenye nta bado." Akaendelea, polepole, na baba amefumba macho na yeye, midomo inatembea kidogo kama anatafuna.

Nikanywa tena kutoka kwenye kikombe changu. Nikaonja ganda la plamu. Nikaonja moshi. Havikuwepo, nimesema tayari havikuwepo, na nikavionja.

Uongo wangu ulikuwa wa neno moja, na watu thelathini waliupigia makofi. Wa kwake ulikuwa wa kunyweka. Baba akafungua macho, akanyoosha kikombe, si kwangu niliyekuwa nimeshika chupa, kwake, akasema, "Niongeze."

Mdogo wangu akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikampa chupa.